Vitabu Vyeupe vya Mutwiri

Hapo juu ya Mikinduri, mahali lami inapokwisha na barabara ya udongo kuanza kupanda, aliishi mzee mmoja aliyesoma vitabu vingi kuliko walimu wote wa shule iliyokuwa mkabala na boma lake, na usingemjua kwa kumtazama. Mutwiri alikuwa mkulima wa miraa. Alivaa viatu vya mpira mwaka mzima na koti moja la kijani ambalo mifuko yake ilikuwa imelegea kwa kubebeshwa vitabu. Shule aliiachia kidato cha pili. Mwenye masomo katika nyumba ile alikuwa mkewe, Ntinyari, aliyehitimu stashahada ya ualimu na kustaafu akiwa naibu mwalimu mkuu. Watu wakitaka barua nzuri iandikwe, au tangazo la harusi lisomwe bila kugugumiza, walimwendea yeye. Lakini tangu atoke chuoni Ntinyari hakuwahi kufungua kitabu ambacho hakikuwa cha kufundishia. Hilo hakumwambia mtu. Mutwiri alilijua, naye hakumwambia mtu.

Kusoma kulimwingia Mutwiri kwa njia ya baiskeli. Alikuwa kijana bado, amepeleka miraa Meru mjini, na pale Makutano, kati ya maduka ya vipuri na magari yanayopakia, mtu alikuwa ametandika gunia chini na kupanga vitabu vikuukuu. Kimoja kilikuwa na picha ya baiskeli. Mutwiri alikuwa akitamani baiskeli wakati huo, akakinunua. Ndani hamkuwa na baiskeli hata moja. Ilikuwa hadithi ya ndugu wawili waliogombea kisima. Alikisoma garini njia nzima, akapitilizwa nyumbani, akarudi kwa miguu akiwa bado anakisoma. Baada ya hapo hakwenda Meru akarudi bila kitabu, na kila kimoja alikifunga kwa majani ya mgomba kama alivyofunga miraa yake, eti kisinyauke kwa jua.

Hakuchagua. Alisoma kuhusu ufugaji wa nyuki, sheria za mirathi, magonjwa ya ng'ombe. Aliwahi kusoma kitabu kizima cha kutengeneza trekta, na trekta hakuwa nalo wala hakutarajia kuwa nalo, na alipoulizwa kama kilikuwa kizuri alisema kilikuwa kizuri sana, kwa sababu mwishowe liliwaka. Lakini alichopenda hasa ni hadithi. Asubuhi wachumaji wakishuka mitini, yeye aliketi chini ya upenu wa jikoni, juu ya kreti la maziwa lililogeuzwa, akasoma midomo ikimtembea. Akifika mahali pa huzuni alikifunga kitabu kidole kikiwa ndani, akatazama shamba kidogo, kisha akafungua tena. Alama yake ya kujua alipofika ilikuwa ukambaa mkavu wa mgomba.

Kulikuwa na kitabu cha upelelezi ambacho kurasa za mwisho zilikuwa zimenyofoka kabla hakijamfikia. Hicho ndicho wafanyakazi wake walichokipenda kuliko vyote. Wakiwa wamekaa kufunga miraa walimwuliza, "Mzee, leo mwizi ni nani?" Naye akafikiri, akasema leo ni karani wa benki. Juma lililofuata alikuwa mpishi. Siku moja alisema ni mpelelezi mwenyewe, wakabishana hadi gari la kuchukua miraa likawakuta hawajamaliza kufunga. Ntinyari alisikia vicheko hivyo kutoka sebuleni, akiwa anasahihisha madaftari, na alidhani wanamcheka mumewe.

Maana Ntinyari alikuwa na jina la kulinda. Baba yake alikuwa amewafundisha dini watu wa kilima kile kabla hawajapata kanisa la mawe, na katika nyumba yake mtu hakunywa uji amesimama. Alilibeba jina hilo kama mtu aliyebeba sinia lenye vikombe vilivyojaa, na alitaka wote wa nyumba yake watembee hivyo hivyo. Siku moja akina mama wa kanisa walikuja kusali na kukuta kitabu kimesahauliwa mezani. Juu ya jalada alikuwepo mwanamke mabega wazi, na mwanamume mwenye bastola. Mama mmoja alikigeuza kifudifudi kwa vidole viwili, wakaendelea na maombi. Walipoondoka, Ntinyari alitoka hadi upenuni.

"Vitabu vyako vyote utavijalidi," alimwambia mumewe. "Kama watoto wa darasa la nne."

"Hata cha nyuki, Mwalimu?" Alimwita hivyo hata nyumbani, tangu wachumbiane.

"Hata cha nyuki."

Mutwiri alivijalidi. Alitumia kalenda za miaka iliyopita, za benki na za kanisa, akizigeuza ili upande mweupe uwe nje. Ilimchukua mwezi mzima. Aliuliza kama angeruhusiwa kuandika majina mgongoni, Ntinyari akamwuliza ya nini, kwani yeye mwenyewe si anavijua? Mutwiri akakubali kwamba anavijua. Alivijua kweli, kwa unene na kwa harufu, hata gizani. Kwa mtu mwingine yeyote vilikuwa vitabu mia tatu vyeupe, vinavyofanana kama mayai, vimepangwa ghalani juu ya mbao.

Mutwiri alifariki mwezi wa Februari, kwa shinikizo la damu, akiwa na miaka sabini na moja. Ntinyari ndiye aliyeandika historia ya maisha yake kwa ajili ya mazishi, kurasa mbili zisizo na kosa. Kuhusu kusoma aliandika maneno matatu: alipenda kusoma vitabu. Binti yao, Beverlyne, aliyeolewa na Ireri kule Manyatta ya Embu, aliisoma karatasi ile akiwa amesimama karibu na jeneza, akaikunja mara nne.

Mwezi wa Mei akina mama wa kanisa walitaka kuja kumtembelea mjane, na Ntinyari aliamua kwamba lile ghala litakuwa chumba cha wageni. Alichagua vitabu kumi na viwili, vile vinene zaidi, akavipanga katika kabati la vioo sebuleni ili mgeni aone kwamba nyumba ile ilikuwa ya wasomi. Vingine alivitia katika magunia. Akampa Kajuju, mwanamke wa njugu pale sokoni Mikinduri, afungie njugu zake, na hakutaka chochote. Kajuju alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Alishukuru kwa mikono miwili. Ntinyari alirudi nyumbani akiwa na moyo mwepesi, kama mtu aliyetoa sadaka.

Mwishoni mwa Julai Beverlyne alipiga simu. Alimjulia mama hali, akauliza ng'ombe, akauliza mvua. Kisha akasema kuna kitabu kimoja anakiomba.

"Kipi?"

"Cha fundi saa, mama. Yule aliyekuwa akienda soko kwa soko kutengeneza saa, akawa kiziwi, na binti yake ndiye anamsikilizia kama inalia. Baba alisema kitakuwa changu. Si alikuwa anakisoma kila Novemba?"

Ntinyari alisema atakitafuta. Hakujua kwamba kulikuwa na kitabu cha Novemba. Miaka arobaini na minne ya ndoa, na hakujua.

Alifungua kabati la vioo. Cha kwanza kilikuwa cha sheria. Cha pili, nyuki. Cha tatu kilikuwa hadithi, na alipokifungua katikati ili aone kama kuna saa, aliona mwandiko. Pambizoni, kwa penseli, herufi ndogo za kulala, Mutwiri alikuwa ameandika kwa Kimeru. Si kuhusu hadithi. *Tarehe tatu Aprili. Mvua imefika. Mwalimu amekuja na viatu mkononi, nimemchemshia maji ya miguu.* Aligeuza ukurasa. *Ng'ombe amezaa dume.* Akageuza tena. *Leo ugali umeungua, nimekula bila neno.* Ntinyari aliketi. Alifungua kitabu kingine na kingine, na mote mlikuwa na penseli. Katika kila kitabu alichosoma, mumewe alikuwa ameandika siku aliyokisoma na jambo la nyumba yake. Kaka yake alivyosogeza ua wa mpaka wa shamba. Beverlyne alivyofeli hesabu akaficha karatasi ndani ya mtungi. Yote hayo alikuwa ameyaacha chini ya jalada jeupe, na yeye Ntinyari alikuwa ameyatia katika magunia na kuyatoa kwa mikono yake.

Ndipo lilipomjia jambo la Novemba.

Mithika, mtoto wao wa kwanza, alikufa mwezi wa Novemba, miaka kumi na mmoja iliyopita. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Alikuwa amerudi kutoka chuo kikuu bila cheti, akawa haongei, akawa anakaa upande wa kivuli wa nyumba siku nzima, na baada ya miezi minne alijitoa uhai. Mutwiri ndiye aliyemkuta, asubuhi. Saa hiyo hiyo, kabla majirani hawajafika, Ntinyari alimshika mumewe mkono na kumwambia kwamba ni homa ya mapafu. Mtoto amekohoa usiku kucha na ni homa ya mapafu. Alifikiria kanisa lingemzikaje, na wangesema nini kuhusu damu ya nyumba yao, na nani angemwoa Beverlyne, aliyekuwa bado shule ya bweni. Mutwiri alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, sawa, Mwalimu. Homa ya mapafu ndiyo iliyoandikwa katika karatasi ya mazishi, kwa mwandiko wa Ntinyari, na homa ya mapafu ndiyo iliyosomwa mbele ya watu. Yeye mwenyewe alikaa kiti cha mbele, mgongo wima, hakutoa chozi, kwa sababu aliogopa kwamba akianza kulia atasema.

Na sasa ilikuwa wazi kwake kwamba mtu aliyeandika hata ugali ulioungua, ameandika na hilo. Lilikuwa sokoni, limekunjwa kama pembe, limejaa njugu.

Alichukua mkoba wake. Ndani yake alitia kile kifutio cheupe alichokuwa akifutia mistari ya watoto katika madaftari. Ilikuwa penseli tu, alijiambia njiani. Penseli hufutika.

Siku hiyo ilikuwa ya soko. Kajuju alikuwa mahali pake pa kila siku, kando ya wauza ndizi, sufuria ya njugu za moto mbele yake. Mbele ya sufuria lilikuwa rundo la kurasa, zimekatwa katikati sawasawa. Ntinyari alizitazama kwa mbali kabla hajasalimia, kama mtu anayetafuta sura ya ndugu yake katika umati.

"Mwalimu, karibu," alisema Kajuju. "Umekuja kula njugu ama umekuja kunisahihisha?"

Mwuza ndizi wa kando alicheka. Akaongeza kwamba siku hizi njugu za Kajuju zina wateja wa aina mbili, wenye njaa na wenye kutaka kujua hadithi iliendaje, na kwamba yeye mwenyewe alinunua mara tatu juzi akitafuta ukurasa unaofuata na akaambulia ugonjwa wa kwato.

Ntinyari hakucheka. Aliomba karatasi kumi za njugu, akazimimina zote katika mkoba, juu ya kifutio, na akasimama pale akikunjua karatasi moja baada ya nyingine. Tatu hazikuwa na kitu. Moja ilisema jino la Mutwiri linauma. Moja ilikuwa na jina lake, Ntinyari, peke yake, limeandikwa mara mbili bila sababu yoyote, kama mtu anavyoandika akijaribu kalamu. Alipofika ya nane vidole vilikuwa vinateleza kwa mafuta na macho hayaoni tena vizuri. Kajuju alikuwa ameacha kukaanga. Alimwomba mwuza ndizi amwangalilie sufuria, akamshika Ntinyari kiwiko, jambo ambalo mwanafunzi hamfanyii mwalimu wake, akampeleka nyuma ya kibanda mahali anapoweka makaa.

Pale, juu ya gunia, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, kilikuwemo kitabu cheupe.

"Nilianza kukirarua," alisema. "Kurasa za mbele zimeenda, sikudanganyi. Kisha nikaona jina la Mithika, nikasimama. Nilitaka kukuletea. Kila Jumapili nilisema leo, na nikikuona kanisani nashindwa."

Kajuju na Mithika walikuwa wamekaa dawati moja darasa la tano. Ntinyari alikumbuka hilo wakati huo tu. Alikuwa amewakalisha pamoja yeye mwenyewe, kwa sababu wote wawili walikuwa wapole.

"Umekisoma?"

"Ukurasa mmoja, Mwalimu. Wewe ndiye ulinifundisha kusoma. Ningefanya nini?"

"Umemwambia nani?"

Kajuju alijipangusa mikono kwenye aproni. "Nimwambie nani, Mwalimu, na wote walijua? Tulijua siku ile ile. Wanaume walioenda kumsaidia mzee asubuhi ile waliona. Mambo kama hayo hayafichiki huku kwetu."

"Hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno."

"Tuliombwa. Wiki ile ya matanga mzee alipita kila nyumba, kwetu alikuja na mvua. Alikataa hata kukaa. Alisema, Mwalimu amesema ni homa ya mapafu, kwa hivyo ni homa ya mapafu. Akasema mtu asimwambie kitu kingine, hata kwa kumpa pole." Alimkabidhi kitabu. "Mama yangu alimwahidi. Na mimi nikaahidi."

Ntinyari alisimama kati ya magunia ya makaa, kitabu kifuani. Miaka kumi na mmoja alikuwa amepita katika soko lile akijibu salamu, akiwatazama watu usoni ili aone kama kuna anayeshuku, na kila alipoona sura iliyotulia alijipongeza kimoyomoyo. Sasa alizikumbuka zile sura. Mama mmoja, mwaka ule, alimletea ndizi mbivu kila Jumatatu hadi Pasaka bila kusema ni za nini. Yeye alidhani ni heshima ya mwalimu.

Alimshukuru Kajuju. Alitaka kumwambia jambo zaidi, akashindwa kulipata, akamwambia achukue mwavuli wake kwa kuwa mawingu yamekaa vibaya. Kajuju aliupokea kwa mikono miwili, ingawa mwavuli alikuwa nao.

Nyumbani hakuingia ndani. Aliketi upenuni, juu ya kreti la maziwa ambalo hakuwahi kulikalia, na akagundua kwamba kutoka pale mtu anaona shamba lote, na anaona pia dirisha la sebule na meza aliyokuwa akisahihishia madaftari. Kumbe alikuwa akitazamwa.

Kitabu kilianzia ukurasa wa thelathini na moja. Ukambaa wa mgomba ulikuwa bado ndani. Alifungua hapo. Katika hadithi, fundi alikuwa ameketi sokoni na saa ya mtu mkononi, na binti yake ameiweka sikioni, na umati unangoja binti aseme. Pambizoni palikuwa pamejaa hadi juu.

*Leo tumemzika Mithika. Imesomwa homa ya mapafu. Mwalimu aliniomba, na sijawahi kumnyima kitu. Lakini mwanangu kifua chake kilikuwa kizima.*

Chini yake, mwaka uliofuata: *Nimefika hapa tena. Mwalimu hajalia.*

*Mwaka wa tatu. Nilitaja jina lake wakati wa chai, Mwalimu akainuka akaenda kufunga kuku. Kuku walikuwa wamefungwa.*

*Mwaka wa tano. Nangoja alie, ili nilie naye. Kulia peke yangu naona kama ni kumwacha nyuma.*

*Mwaka wa saba. Hajalia.*

Mwaka wa nane mwandiko ulianza kutetemeka. Mwaka wa kumi aliandika tu tarehe. Novemba iliyopita, miezi mitatu kabla ya kufa, penseli ilikuwa imekwaruza karibu bila kuonekana, na Ntinyari ilimbidi auinue ukurasa kwenye mwanga.

*Sasa nimezeeka. Kitabu nimempa Beverlyne, yeye ana sikio zuri.*

Ntinyari alitoa kifutio mkobani. Kilikuwa kimeshika maganda ya njugu. Alikipangusa kwa leso hadi kikawa cheupe, akakiweka juu ya mstari wa kwanza, na hapo mkono ukakaa. Penseli ile ilikuwa imefifia. Ingehitaji kusugua mara mbili au tatu tu, na Beverlyne angepata kitabu safi cha fundi saa. Jina la nyumba lingebaki lilivyo. Lakini jina hilo, alivyoambiwa leo nyuma ya kibanda cha njugu, halikuwa limelindwa na yeye hata siku moja. Lililindwa na mtu mwenye viatu vya mpira, aliyetembea nyumba hadi nyumba kwenye mvua akiwaomba watu wamwachie mkewe uongo wake. Na alipomaliza kuwaomba wote, hakuwa na mtu wa kulia naye, kwa sababu aliowaomba wanyamaze walinyamaza hata kwake.

Alikitupa kifutio shambani, kati ya miti ya miraa. Kisha akalia. Hakulia vizuri. Alikuwa amekaa miaka kumi na mmoja bila kufanya hivyo na alilia kama mtu anayekohoa, kwa vipande, hadi ng'ombe akageuza kichwa. Alimlilia Mithika kwanza, kwa jina lake, kwa sauti. Mutwiri alikuja baadaye, na kumlilia yeye kulikuwa kugumu zaidi, maana kwa Mithika alikuwa amechelewa miaka kumi na mmoja, lakini kwa Mutwiri alikuwa amechelewa miezi mitano tu.

Alipotulia alianza kutoa lile jalada jeupe. Lilikuwa limegandana na kitabu kwa miaka na mafuta ya njugu, akalichambua polepole kwa kucha. Alitaka kujua ni picha gani aliyoionea haya kiasi hicho, kwa kuwa siku ile alipoamuru vijalidiwe hakuwa amevitazama, alikuwa ameona kimoja tu. Chini yake palikuwa na mzee mwenye kofia, ameinamia meza ndogo, na msichana wa miaka kumi hivi amesimama kando yake, kichwa kimeinama upande, saa sikioni. Basi. Hakuna mama wa kanisa ambaye angeigeuza kifudifudi.

Alipiga simu Manyatta jua likiwa bado juu.

"Nimekipata," alisema. "Lakini kimetoka mbali. Kina mafuta ya njugu, na kurasa thelathini za mwanzo hazipo. Ni kosa langu."

Beverlyne alisema si kitu. Mwanzo anaujua, baba alimsimulia mara nyingi, na kama mama atataka atamsimulia na yeye.

"Nitataka," alisema Ntinyari. Sauti yake ilikuwa bado nzito, na alijua inasikika. "Njoo ukichukue mwenyewe, nisikutumie kwa gari. Kuna mahali baba yako ameandika. Nataka tuketi tusome pamoja. Na kuna jambo la Mithika nilipaswa kukuambia tangu ukiwa shuleni."

Ng'ombe alilia huko Manyatta, na mlango ukafungwa taratibu, kama mtu anayejitenga ili asikike vizuri.

"Nakuja Jumamosi, mama," alisema Beverlyne. "Asubuhi."

Hakuuliza ni jambo gani.

Ntinyari alibaki na simu mkononi, ameketi kwenye kreti la mumewe, akitazama dirisha la sebule. Ndipo alipoelewa kwamba hata huko bwenini, mwaka ule, Mutwiri alikuwa amefika na kumwomba Beverlyne pia.